Baiskeli Yenye Nailoni

Siku tuliyomzika Minza, kule Lamadi, vijana waliniletea kiti cha plastiki wakanisihi nikae, maana jua lilikuwa kali na mimi nimeshapita sabini. Nikakataa. Nyuma yangu nikamsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Usihangaike naye, huyo ndiye Mama Limi. Hakai mbele ya wakubwa. Ni adabu yake tangu zamani." Nikashikwa na kicheko palepale makaburini, nikajifunika mdomo kwa kanga ili watu wadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia pia. Habari hiyo ya adabu yangu imetembea mwaloni pale, kwenye soko la samaki la ufukweni, kwa miaka karibu thelathini, na waliojua ilikotoka tulikuwa wawili tu, mmoja sasa yumo ndani ya jeneza. Nikaona nikiondoka na mimi, uongo utabaki peke yake na utanenepa. Heri niseme mwenyewe.

Watu wakiandika maisha yao huandika ujana wao, shule waliyosoma na wachumba waliowakimbia. Mimi ujana wangu ulichelewa njiani. Ulinikuta na miaka arobaini na sita, mjane, kiuno kimejaa, mwaka ule soko huria lilipofika kwetu Ngulyati. Kabla ya hapo pamba tuliipeleka kwenye chama cha ushirika, karani akatuandikia stakabadhi, tukaenda kuzilaza chini ya godoro na kusubiri. Mwaka ule zilisimama mizani mbili zinatazamana, upande huu mnunuzi binafsi na upande wa pili mnunuzi binafsi mwenzake, kila mmoja anatuita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kubembeleza, "Mayu, njoo hapa, njoo kwenye mizani isiyo na maneno!" Sisi, ambao tulizoea kupiga foleni kama tunaomba, tukawa tunabembelezwa. Nilipita katikati yao na magunia yangu taratibu kabisa, makusudi, ili waendelee kuniita. Nikikumbuka hadi leo natamani kupiga vigelegele.

Baiskeli niliinunua Bariadi mjini, kwenye duka ambalo miaka ya nyuma tulipanga mstari mbele yake kwa ajili ya sabuni ya mgawo. Sasa lilikuwa limejaa hadi darini: redio, masufuria, taa za chemli, mashuka yenye maua, na harufu ya mpira mpya iliyonifanya nimeze mate kama mtu mwenye njaa. Baiskeli yangu ilikuwa nyeusi, ya Kichina, mabomba yake yameviringishwa nailoni na karatasi, na kiti chake kimevikwa nailoni inayong'aa iliyofungwa kwa chini. Kwetu mtu hakuibandua nailoni ile. Baiskeli bila nailoni ni baiskeli tu, huenda umeazima kwa shemeji yako. Yenye nailoni ni yako, ni mpya, na kila mtu anajua umevuna. Wapo waliokaa nayo mpaka ikawa na rangi ya mtindi, na ikichanika wanaishona kwa uzi. Nje ya duka alikuwepo fundi, mzee mwembamba mwenye mikono ya grisi, akanipima kwa macho, akakipima kiti, akatikisa kichwa.

"Mayu, kiti hiki kimewekwa cha mtu mrefu. Ngoja nikushushie."

"Utakishushaje?"

"Nakata nailoni hapa shingoni, nalegeza nati, dakika mbili."

"Baba, hiyo nailoni usiiguse," nikamwambia. "Nitarefuka mwenyewe."

Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko, nami nikaona nimeshinda. Nikaisukuma baiskeli yangu hadi nyumbani, nikailaza ndani ya chumba changu, usukani umeegemea kitanda, na usiku nikiamka nanyoosha mkono nagusa kengele. Katika usichana wangu niliendesha baiskeli sana, ndoo ya maji nyuma na mdogo wangu mbele, kwa hiyo sikuona la kujifunza. Jumapili tatu nilikwenda nayo kanisani, mwendo wa kuimba nyimbo mbili, nikarudi. Hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu yote.

Minza alikuwa rafiki yangu wa kuokota naye kuni. Yeye aliolewa Lamadi, kwa wavuvi, mimi nikabaki kwenye pamba. Ijumaa moja jioni kondakta wa basi aliniletea ujumbe wake kwa mdomo. Alisema mwaloni kuna meza ya samaki imebaki wazi, mwenye nayo amehamia Mwanza. Wazee wa mwalo wataitoa kesho, Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, na masharti yao ni kwamba mwenye kuitaka aje mwenyewe, wamwone kwa macho, asitume mtu. "Mama Minza anasema ukiikosa hiyo usimlaumu," kondakta akamalizia. Nilisimama pale nimeshika mlango. Tangu mume wangu afariki nilikuwa nalima shamba la ukoo, nakula kwenye kiwanja cha ukoo, na kila msimu naambiwa kwa upole kipande kipi ni changu mwaka huu. Hakuna aliyenitesa. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kupewa, na ile meza ingekuwa kitu changu cha kwanza ambacho sikupewa na mume wala na ndugu za mume.

Sasa niseme ukweli, msomaji asije akanihurumia bure: basi lilikuwepo. Linapita asubuhi saa mbili, linafika Lamadi na muda unabaki. Nia yangu ilikuwa kupanda hilo basi. Kilichoniharibia ni ukuta wa jiko. Jiko langu na la wifi yangu Holo yalitenganishwa na ukuta mmoja wa miti na udongo, na udongo ulikwisha dondoka juu. Jioni ile nasonga ugali wangu wa mtama, mlenda unatokota, nikamsikia Holo akimwambia mkamwana wake, "Limi ana kibaiskeli chake cha kwendea kanisani. Hicho ni pambo, kama kalenda ukutani. Nani kamwona nacho barabarani?" Mkamwana akacheka kidogo, kwa heshima. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Nikasema kwa sauti ya kupita juu ya ukuta, "Kesho alfajiri nakwenda Lamadi na pambo langu!" Upande wa pili Holo akajibu, "Ukifika utusalimie samaki."

Niliondoka mapambazuko, kaptura ya marehemu mume wangu chini ya kitenge kipya, na kwenye keria nimefunga mfuko wa matobolwa na madumu mawili madogo ya maji. Kwa asiyeyajua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kuni. Ni chakula cha safari cha baba zetu. Saa ile ya kwanza, jamani! Hewa ni baridi, barabara ya vumbi imelala bado, mashamba yamekatwa, pamba zilizodondoka kwenye magari zinaning'inia kwenye miiba pande zote mbili. Nilipiga kengele bila sababu. Niliimba. Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Holo, njoo uone!" Mwili wangu ulikuwa mwepesi kama wa miaka kumi na minane, nikaamini kwamba mwili hausahau. Ni kweli hausahau, lakini miguu nayo huwa haijasahau madeni yake ya zamani.

Kilichoanza kuniumiza ni malezi mema. Kwetu humwamkii mzee ukiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unakunja goti, unasema "Mwangaluka baba," naye anaitikia, anauliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, ukoo wako ni upi na umeolewa wapi, mpaka mfike kwenye "mhola duhu", yaani amani tupu, ndipo mnaachana. Na ule ulikuwa msimu wa pamba. Wazee wote wa nchi, nadhani, walikuwa barabarani asubuhi ile, wanaswaga ng'ombe wa mikokoteni kuelekea kwenye mizani. Nilishuka kwa kila mmoja. Kushuka si neno, kupanda ndiko kulikokuwa na kazi, maana kiti kilikuwa cha mtu mrefu na mimi sikuwa nimerefuka. Ilinibidi nitafute kichuguu, au jiwe, au ukingo wa kalavati, niegemeze baiskeli, nijitupe juu. Nilihesabu mara kumi na saba kisha nikaacha. Kila nikikanyaga pedeli, nyonga moja inashuka kuitafuta na nyingine inapanda, nakwenda nayumba huku na huku juu ya nailoni. Na nailoni haipitishi jasho. Jasho linabaki pale pale, linateleza, linachoma, na mshono wa kaptura ya marehemu ukaanza kunikata kama ana kinyongo nami.

Basi likanipita. Kondakta akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Mayu, tupakie hiyo baiskeli?" Nikampungia mkono wa kumfukuza, nikatabasamu, na meno yakajaa vumbi. Lilipopotea nikaona upweke kidogo, nikaamua kula. Nikatafuna matobolwa konzi kwa konzi, makavu, kwa kuwa njaa ilinishika ghafla, na koo likakauka, nikanywa maji dumu zima. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua kwamba matobolwa makavu yakikutana na maji mengi tumboni yanarudi kuwa viazi. Mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Furaha ilinisahaulisha. Baada ya muda tumbo likajaa na kukaza mpaka fundo la kitenge likafunguka lenyewe, na wakati huohuo upepo wa ziwani ukaamka na kunisukuma kifuani. Mikono ikafa ganzi. Mapaja yakaanza kutetemeka hata nikiwa nimesimama. Nikampita mzee mmoja bila kushuka, nikamwamkia nikiwa juu, akanitazama kwa mshangao na hakuitikia, nami nikaona aibu kiasi kwamba nilitaka kurudi nikamwombe radhi, lakini nilijua nikishuka sitapanda tena.

Nilishuka hata hivyo, ila kwa kuanguka. Paja la kulia lilikazana fundo moja gumu, mguu ukagoma katikati ya mzunguko, tukalala mimi na baiskeli kwenye shamba la pamba iliyokwisha vunwa. Nilijaribu kuusugua mguu, wa pili nao ukakaza. Nilikuwa sijawahi kuuogopa mwili wangu. Nilizaa nao, nililima nao, sikuwahi kuuambia kitu ukakataa. Pale chini, nikitazama mabua, nikaona jua linapanda na meza yangu inakwenda kwa mtu mwingine kwa sababu ya karatasi ya nailoni na maneno ya jikoni. Nililia kwa hasira, nikaitukana baiskeli, kisha nikaangalia kama imekwaruzika.

Lori la pamba ndilo lililosimama. Dereva alishuka, akaniangalia, akaiangalia baiskeli inayong'aa.

"Mayu, chombo kipya namna hii kimekushinda?"

"Hakijanishinda. Tunapumzika wote wawili."

"Mnapumzikia wapi sasa, hapa au Lamadi?"

Wakaniinua yeye na mwenzake kama robota la pamba, wakaniweka juu ya pamba, baiskeli kando yangu. Nililala kifudifudi kwenye weupe ule, laini, wenye joto la jua, na pamoja na maumivu yote nilifurahi tena, maana kule juu niliona ziwa kwa mbali likimeta. Kabla ya nyumba za kwanza nikawagongea paa la mbele wasimame. Dereva alicheka mpaka akakohoa alipoelewa kwamba nataka kuingia mjini na baiskeli yangu. Nilitaka niingie nimepanda. Haikuwezekana. Niliingia nimeishika kwa mikono miwili kama fimbo ya mgonjwa, hatua moja, nyingine, jua liko utosini.

Mwaloni wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha bati. Mbele yao, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa mwanamke mmoja wa makamo, ametulia, anaisubiri meza yangu. Na Minza alikuwa amepiga goti mbele ya mzee wa tatu akimwuliza habari za mguu wake, na za binti yake aliyeolewa Magu, na kama wale ng'ombe waliougua wamepona, na yule dume je. Mwenyekiti wao, mzee wa nne, alikuwa ameshachoka. "Minza, tumeamkiana tangu asubuhi. Mtu wako yuko wapi?" Minza akageuka taratibu. "Baba, wewe bado sijakuamkia," akasema, "nitaanzaje habari za meza?" Nikaelewa kwamba zile salamu zilizonichelewesha mimi barabarani ndizo alizokuwa akizitumia yeye kuwachelewesha wao. Aliponiona alimaliza salamu ya mwenyekiti kwa neno moja.

Nilipiga goti kuwaamkia, na goti likakataa kurudi. Nikabaki chini muda mrefu, kichwa kimeinama, nasikia mzee mmoja akisema polepole, "Siku hizi hakuna tena wanaoamkia hivi." Minza akanishika kwapani kwa unyenyekevu mkubwa, akaninyanyua. Mwenyekiti akaagiza niletewe ndoo nikalie. Niliiangalia ile ndoo. Nikafikiria kukaa. Jasho jipya likanitoka.

"Kaa mama, umetoka mbali."

"Asante baba. Nasimama."

"Kaa, mazungumzo ni marefu."

"Wazee wangu wakiwa wamekaa," nikasema, sauti inatetemeka kwa maumivu, "mimi mahali pangu ni kusimama."

Minza akaingiza pembe ya kanga mdomoni akaiuma. Waliniuliza maswali yao yote, nami nikajibu yote nimeishika baiskeli. Mwishowe mwenyekiti akamtazama yule mama wa kwenye ndoo, akanitazama mimi, akasema kwamba biashara inafundishwa lakini adabu mtu anakuja nayo toka kwao. Nikapewa meza. Yule mama naye alipata ya kwake msimu uliofuata, tukawa majirani, na dhamiri yangu ikapumua.

Chumba cha Minza kilikuwa na kitanda kimoja, kapu la nyavu na dirisha dogo lililoingiza harufu ya dagaa. Siku tatu nililala humo kifudifudi. "Nionyeshe," aliniambia ile jioni ya kwanza. Nikakataa. "Limi, tumeoga mtoni wote tukiwa hatuna hata meno." Nikafunua. Akasema, "Mama yangu!" kisha akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, kwa maana kipande cha nailoni kilikuwa kimeganda kwenye kidonda. Alikitoa kwa maji ya vuguvugu na chumvi huku mimi nikiuma godoro, akanipaka samli, akanilisha mchuzi wa sato kwa kijiko kama mtoto. Mezani alinisimamia yeye. Nje wavuvi walipita wakisimuliana habari za mama wa Ngulyati aliyekataa kiti. "Unasikia?" Minza akasema. "Umeshakuwa mtu mkubwa." Nikamshika mkono nikamwomba asimwambie mtu, si habari ya lori wala ya kidonda. Akafuta macho. "Hili nitakwenda nalo kaburini," akasema, akaanza kucheka upya.

Siku ya nne alichukua kisu cha samaki akaikata nailoni yote, hakuuliza, na fundi wa pale akakishusha kiti. Nilianza upya, kwa adabu ya kweli safari hii, mbele ya baiskeli yangu: leo hadi mwisho wa nyumba na kurudi, kesho hadi kijiji cha pili. Nilijifunza kunywa uji kabla ya kuondoka, kuloweka matobolwa, na kushuka mwenyewe kwenye vilima ili wazee wa kule juu wanikute nimeshashuka. Mvua za vuli zilipokaribia, nilipakia kapu la dagaa kwenye keria nikaenda Ngulyati na kufika kabla jua halijafika utosini. Holo alikuwa anapepeta uwanjani. "Umepewa lifti na nani?" akauliza. "Na mapaja haya," nikamwambia, nikapigapiga paja langu. Akasogea, akalibonyeza kwa kidole, akalikuta gumu. Alinunua dagaa, na alipomaliza akauliza kwa sauti ya chini kama kile kiti kinaweza kushuka zaidi kidogo, cha mtu mfupi kama yeye.

Ila sifa ile ya kusimama haikuniacha. Kila kikao cha mwalo kwa miaka yote iliyofuata nilisimama, kwa sababu watu walitegemea nisimame, na Minza upande wa pili ananiangalia anakula kanga. Kuna vikao vya saa tatu. Nilimlaani kimoyomoyo mara nyingi.

Juzi makaburini nilikuwa sina kidonda. Magoti ndiyo mabovu, daktari amenikataza kusimama muda mrefu, na kiti kilikuwa pale, kisafi, kivulini. Hakuna mzee hata mmoja aliyebaki wa wakati ule wa kunihukumu. Nilitazama udongo ukiingia juu ya rafiki yangu, aliyepiga goti mbele ya wanaume wanne na kuwauliza habari za ng'ombe ili mimi nifike, na nikasimama mpaka koleo la mwisho. Yule mwanamke nyuma yangu alisema ni adabu. Kwa mara ya kwanza tangu habari hiyo ianze kutembea, ilikuwa kweli.